Maiti Tisa Ghalani

Watu wakisikia kwamba nafundisha yoga, hunitazama usoni wakitafuta utulivu. Hawaupati. Huniuliza, mwalimu, mbona una hasira hivyo? Nawajibu kwamba yoga ilininyoosha mgongo; hasira haikuigusa, wala mimi sikuiomba iiguse. Wapo walioingia kwenye kazi hii kwa kusoma vitabu, wapo walioingia kwa kufuata wageni. Mimi niliingizwa na pamba fifi.

Nilikuwa mchambuzi wa pamba katika kinu kimoja nje ya Bariadi. Unakaa chini mbele ya lundo tangu asubuhi, unatenga pamba safi huku na fifi kule, ile yenye madoa ya wadudu na vipande vya majani. Nilifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Kufika mwaka 1996 soko huria lilikuwa limeshatuvaa. Wanunuzi binafsi walinunua kila kitu pamoja: safi, fifi, mchanga, na maji ambayo mkulima aliyamwagia mwenyewe ili mzani uzidi. Mchambuzi wa nini tena? Tukaambiwa msimu ukiisha, asanteni. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, mjane, na nilitembea nimeinama kama mtu aliyeangusha sindano.

Katika msimu huo wa mwisho alikuwapo Fundi Kanti, Mhindi aliyeletwa kufunga mashine mpya. Kila alfajiri alitandika jamvi nyuma ya stoo na kujikunja na kujikunjua. Wanawake tulimcheka mpaka tukashika mbavu. Siku moja aliniona nimeegemea ukuta siwezi kuinuka.

"Mama, mgongo yako iko kufa," akasema. "Kuja hapa. Fanya pole pole."

Alinifundisha miezi minne. Hakunigusa, alinielekeza kwa kijiti, na hakutaka hata kuku. Mwezi wa pili nililala usingizi mzima bila kuugua. Mkataba wake ulipokwisha nilimsindikiza hadi Malampaka kupanda treni, na kabla ya kupanda akaniambia, "Sasa wewe fundisha." Huo ndio ulikuwa ualimu wangu. Sikupewa karatasi nyingine.

Nilirudi kijijini nikaanza na Milembe, mke wa Kamanda Masunga, mkuu wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Milembe alikuwa hapigi magoti kwa mwaka wa pili. Nyinyi wa mijini mtaona si kitu. Kwetu mwanamke anamsalimia mkwewe magoti yakiwa chini, na yeye kwa maumivu ya kiuno alisalimia amesimama wima, ukoo mzima wa mumewe ukasema ana kiburi. Baada ya mwezi mmoja na nusu alishuka mpaka chini mbele ya mama mkwe, akainuka bila kushika kitu. Masunga alijisifu kilabuni kwamba amemrudi mke wake. Milembe alicheka, akaniletea Eufrasia, Eufrasia akaleta wengine, wakafika tisa.

Tulikutana saa tisa alasiri katika ghala la chama cha msingi cha ushirika, ambalo lilikuwa tupu kwa vile wanunuzi binafsi walinunulia pamba barabarani. Wanawake waliwaambia waume zao wanakwenda kuni. Hawakuwa waongo kwa asili. Ni kwamba mwanamke aliyesema "nakwenda kupumzika" kijijini kwetu alikuwa bado hajazaliwa.

Mwisho wa kila somo Fundi Kanti alinifundisha kulala chali bila kutikisika. Aliuita mkao wa maiti. Sasa, mwanamke mwenye heshima zake halali chali mahali pa wazi, kwa hiyo kila mmoja alijifunika kanga kutoka utosini hadi nyayoni. Mimi nilikaa upande wa vichwa nikiongea taratibu: "Nyinyi ni maiti sasa. Maiti hana shamba. Maiti hana mume. Maiti haulizwi maji yako wapi."

Ndivyo alivyotukuta Joakim.

Joakim alikuwa karani wa mizani wa chama, kisha akageuka wakala wa mnunuzi binafsi, na siku hiyo alikuja kulikagua ghala kwa vile alitaka kulikodi. Alichungulia penye ufa wa mlango. Akaona miili tisa imefunikwa, akasikia maneno yangu, akapiga mwano.

Mwano ni ukunga wa hatari. Ukiusikia unaacha chochote unachofanya na kukimbilia upande sauti inakotoka. Usipokwenda unatozwa faini. Wanawake wangu waliusikia wakiwa chini ya kanga. Wakafumka wote kwa pamoja na kutoka mbio kwa mlango wa nyuma. Joakim kuona maiti wanakimbia, akapiga wa pili, mkali kuliko wa kwanza.

Wanaume wakaja na marungu, mapanga na pinde. Wakanikuta peke yangu na majamvi tisa. Halafu nikawaona wanafunzi wangu. Walikuwa wamezunguka ghala na kuingia katikati ya umati, wanahema kama watu waliotoka majumbani mwao, na Milembe, Milembe yule yule, akauliza kwa sauti, "Kuna nini hapa jamani?"

Nimesamehe mambo mengi duniani. Swali lile sijalimaliza.

Kesho yake nikawekwa kati kwenye mkutano wa sungusungu. Joakim akaapa kwamba nafuga misukule, watu waliouawa kichawi ili walime pamba za mchawi. Nikamuuliza, pamba gani, shamba langu si hili hapa, nusu eka, mmeliona lina msukule au lina magugu? Watu wachache wakacheka. Masunga hakucheka.

"Kama ni wazima, wataje," akasema. "Tuwaulize hapa hapa, duhu, basi."

Nikamtazama Milembe. Alikuwa anaangalia kidole gumba cha mguu wake. Nikamtazama Eufrasia, naye ghafla kanga yake ikawa na kazi ya kufungwa upya. Walikuwa wanaogopa, najua. Kwetu wanawake wameuawa kwa panga kwa sababu tu macho yao ni mekundu, na macho yenyewe yaliiva kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe wanachopikia. Ningewataja tungekuwa wachawi kumi badala ya mmoja. Hivyo nilinyamaza, lakini msidhani nilinyamaza kwa upole. Nilinyamaza meno yakisagana.

"Mayu, umekataa kujibu," Masunga akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Basi utalipa ng'ombe wawili, au tunakutenga."

Sikuwa na ng'ombe hata mmoja. Lakini hata ningekuwa na zizi nisingetoa mkia. Nikatengwa. Maana yake hakuna kunipa moto, hakuna kuteka maji nami, hakuna kuuziana chumvi. Nikifa, nisizikwe na mtu. Na yeyote atakayenisalimia, kaya yake itatoa ng'ombe mmoja, aliwe na sungusungu.

Mtu asiyewahi kutengwa asiniambie ni jambo dogo. Ukiamka hakuna wa kukusalimia "mwangaluka", mchana hakuna wa "mwadila". Unapita penye watu ishirini wanaongea, wanazima, ukishapita wanawaka tena. Baada ya wiki mbili nilianza kujisalimia mwenyewe kwa sauti ili nijue bado nina koo.

Wiki ya tatu nikaenda ghalani, maana Joakim alikuwa hata funguo hataki kuzishika mpaka mganga apaoshe. Nikatandika jamvi nikaanza peke yangu. Mara mlango wa nyuma ukasukumwa. Milembe akaingia. Eufrasia akaingia. Wakaingia wote tisa, bila neno. Hawakunitazama. Wakatandika, wakasimama wakisubiri.

Nikaelewa akili yao. Sheria ilikataza kuniongelesha. Haikukataza kunyoosha mgongo jirani yangu. Wangepata dawa yao na ng'ombe wangebaki zizini.

Niliwafundisha kwa hasira. Niliwashikisha mkao mmoja mpaka miguu ikatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo. Hakuna aliyelalamika, kwani kulalamika ni kuongea. Wakaja kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya sita nikashindwa.

"Mnanionaje?" nikawauliza. "Mimi ni kisima? Mnateka mnaondoka? Nimekaa mwezi bila kusikia jina langu kwa ajili yenu. Maumivu yenu mnaniletea, midomo mnaiacha kwa waume zenu. Mlango huu naufunga. Anayetaka mgongo wake, anisalimie mnadani, mchana, watu wakisikia. La sivyo mwende mkapinde hukohuko."

Wakakunja majamvi. Wakaondoka kimya kama walivyokuja, na nilijua nimewapoteza.

Siku ya mnada nilikwenda kwa ukaidi tu, kwa maana hakuna ambaye angeniuzia kitu. Nikapita katikati ya ng'ombe na wanunuzi, watu wanazima mmoja mmoja. Masunga alikuwa amesimama na wazee penye zizi la mnada, Milembe nyuma yake na kapu la viazi. Nikawapita. Nilikuwa nimeshawapa kisogo.

"Mwadila, mwalimu."

Nikageuka. Milembe alikuwa ameweka kapu chini na kupiga magoti yote mawili kwenye vumbi na samadi, mbele ya mumewe, kama anavyosalimiwa mkwe.

Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba nilitaka nimwache pale pale mpaka magoti yaote mizizi. Lakini sauti ilinitoka yenyewe.

"Mwadila, mwanangu. Inuka."

Masunga akabadilika rangi. Mzee mmoja akakohoa. "Kamanda, sheria si uliitunga mwenyewe?"

Jioni ile walimchinja ng'ombe wa Masunga, wakamla. Kesho yake asubuhi, penye kisima, Eufrasia akapiga magoti: "Mwangaluka, mwalimu." Mumewe akatoa dume la kulimia. Siku ya tatu wakanisalimia wawili kwa mpigo, na mume wa mmoja wao alimfuata mtamba wake mpaka machinjoni akilia kama aliyefiwa. Bado walikuwa watano, na kijiji kizima kilianza kuulizana nyumba kwa nyumba: wako wewe anakwenda kuni saa ngapi?

Siku ya nne Masunga alikuja kwangu, fimbo mkononi, akasimama nje ya ua.

"Mayu, baraza limekaa. Tumekusamehe."

"Kwa kosa gani?"

Akachora chini kwa fimbo.

"Masunga, nakuuliza. Miili tisa, misukule, Joakim na kiapo chake. Mimi ni mchawi au si mchawi?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkutano. Hakuwa na aibu. Alikuwa amechoka tu.

"Mayu, hilo hatukulifikia," akasema. "Tuliona ng'ombe wataisha."