Ghorofa Kumi na Mbili za Uji

Nimeona sherehe nyingi za kijinga katika mji huu, lakini ile ya kubomoa ghorofa la Shomari kule Kawe ilizidi. Walileta maturubai, viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa na kufungwa riboni mgongoni kana kwamba kuna mtu anaolewa, matarumbeta, maji ya chupa, na MC aliyevaa suti ya rangi ya embe bivu. Yote hayo kwa ajili ya jengo lililokuwa linaanguka lenyewe. Mtu mwingine angeona haya, akabomoa kimya kimya kama anayefua shuka lililokojolewa. Shomari alichapisha kadi za mwaliko.

Jengo lenyewe liliitwa Shomari Haitsi, yaani Vilele vya Shomari kwa Kizungu chake. Kibali kilisema ghorofa sita, yeye akapandisha kumi na mbili, na baada ya miaka minane likaanza kuinama upande wa barabara. Wakaguzi wakaja, wakapima, wakapiga X nyekundu kila nguzo. Nyumba za majirani zilikuwa karibu mno kulipua kwa baruti, kwa hiyo likaamriwa libomolewe kwa nyundo na mashine, kuanzia juu, ghorofa moja baada ya nyingine mpaka chini. Shomari, mtu ambaye uso wake haujawahi kujua fedheha, akaitangaza kuwa ni hatua mpya ya maendeleo, akatafuta na mgeni rasmi wa kupiga nyundo ya kwanza.

Mimi sikualikwa. Naitwa Mauwa Mnali, napasua kokoto kule Boko, jirani na Wazo, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa kwenye mawe. Nilikwenda kwenye ile sherehe kwa sababu ya jina la mume wangu.

Fransis alikuwa fundi zege kwenye jengo hilo. Alikuwa akirudi nyumbani Jumamosi, anaosha miguu uani, anasema, "Leo tumepika uji tena." Maana yake ni kwamba saruji ya mfuko mmoja ilikuwa imemezwa na mchanga wa mifuko kumi, kwa amri ya Shomari, ambaye alikuwa na haraka ya kufika juu kuliko wenye akili. "Lile jengo siku moja watu watalichota kwa kijiko," Fransis aliniambia, na hakuwa anatania.

Halafu siku moja alirudi anacheka. Walikuwa wamemwaga kitako cha tenki la maji, juu kabisa ya ghorofa ya kumi na mbili, na kona moja alikuwa ameichanganya mwenyewe, kwa kipimo halali, na kokoto zilizotoka kwenye fungu langu mimi. Zege likiwa bado bichi akachukua msumari akaandika jina lake, kama mafundi wanavyofanya. Nilimuuliza kwa nini kona ile tu ndiyo aliifanyia haki. "Siwezi kuandika jina langu kwenye uji," alinijibu.

Wiki haikuisha. Jumapili msimamizi alimtuma akamwagilie zege maji, kwa sababu zege changa linataka maji kila siku na halijui kama watu wako kanisani. Alidumbukia kwenye tundu la lifti, akafa. Lifti yenyewe haijafika mpaka leo. Shomari aliwaambia polisi kwamba Jumapili hakuna kazi, kwamba hana mfanyakazi wa namna hiyo kwenye orodha yake, na kwamba mtu yule alipanda kuiba nondo. Kibarua hana mkataba, hana kitambulisho, hana chochote cha kuonyesha isipokuwa sugu za mikono, nazo tulizizika. Wenzake walikuwa arobaini na wote walitazama viatu vyao, akiwemo Gervas, aliyekuwa akila Pasaka kwangu kila mwaka.

Binti yetu, Herieth, alikuwa na miaka mitano. Sasa yuko darasa la saba, na kwa miaka yote hiyo amekuwa mtoto wa mwizi wa nondo. Watoto wa mtaani hawakumjua Fransis, wengine hawakuwa wamezaliwa, lakini kashfa inajifunzwa haraka kuliko hesabu. Mwaka huu shule iliwapa karatasi ya kuhakiki majina kabla hayajatumwa kwa ajili ya mtihani na cheti. Niliikuta mezani. Palipoandikwa Herieth Fransis Nandonde, neno Fransis lilikuwa limepigwa X kwa kalamu nyekundu, kama zile X za nyumba za kubomolewa, na juu yake pameandikwa Mauwa.

"Nani kafanya hivi?" nilimuuliza.

"Mie."

"Kwa nini?"

"Cheti nakaa nacho maisha yangu yote, mama. Sitaki kila nikikitoa mtu aniulize Fransis yupi, yule wa nondo?"

Nilitaka kumpiga. Sikumpiga. Nilikuwa na neno langu tu, na neno la mke wa mwizi halisikilizwi na mtu, hata na mtoto aliyemzaa. Iliniuma mpaka nikakosa pa kuweka mikono. Karatasi ilitakiwa irudi shuleni Jumatatu.

Alhamisi ya wiki hiyo Gervas alikuja machimboni. Alikuwa amepata kibarua cha kubomoa lile lile jengo alilolijenga, na alisimama mbele yangu kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Shem, lile jina bado lipo," alisema. "Nimeliona juzi. Kona ya tenki."

"Kwa hiyo nililie?"

"Mie nilikaa kimya kipindi kile, shem. Niliogopa kupoteza kibarua. Sina la kujitetea."

"Huna," nilimwambia. Nilimwacha asimame hivyo kidogo, maana alistahili. "Nikatie hicho kipande uniletee."

Alitikisa kichwa. "Ukienda nacho nyumbani watasema umeandika mwenyewe. Wewe umekaa kwenye mawe maisha yako yote. Inatakiwa wakiweke mezani wao wenyewe, watu waone."

Ndipo aliponieleza upuuzi ambao ulikuja kutuokoa. Nyundo ya kwanza ilitakiwa ipigwe juu, kwa sababu kubomoa kunaanzia juu. Lakini mgeni rasmi alikuwa na kitambi cha miaka mingi ya maji ya chupa, na hakuna lifti. Hawezi kupanda ghorofa kumi na mbili kwa miguu. Shomari akaona kwamba kama mheshimiwa hawezi kwenda juu, basi juu kuende kwa mheshimiwa. Gervas aliagizwa akate kipande kutoka kileleni, kishushwe, kiwekwe mezani chini ya turubai, kipigwe hapo.

"Ameniambia nichague chochote, bora kiwe kinaonekana vizuri kwenye picha," alisema Gervas.

"Na yule mheshimiwa akikivunja? Nitabaki na nini?"

"Shem, unakumbuka Fransis alivyolichanganya lile zege?"

Nilikumbuka. Hata hivyo sikulala vizuri siku mbili, kwa sababu kokoto nazijua na nyundo nazijua, na hakuna jiwe ambalo halina siku yake.

Jumamosi kadi zilisema saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi alifika saa saba na robo, kwa msafara, na akaombwa radhi na wenyeji kwa kuwa wao waliwahi. Cheo chake sikitaji. Zilisomwa risala mbili. Msomaji wa kwanza alilisifu jengo kwa jinsi lilivyopendezesha Kawe, wa pili akasifu uamuzi wa kuliondoa, na wote wawili walipigiwa makofi na watu wale wale. Mimi nilisimama nyuma ya matarumbeta na simu yangu mkononi, nimeiwasha inarekodi.

Mezani kulikuwa na kitu kimefunikwa kitambaa cheupe. Pembeni yake nyundo mpya, inang'aa, mpini umefungwa riboni. Gervas alikuwa amesimama karibu na nguzo ya turubai akitokwa jasho.

MC alivuta kitambaa. "Mheshimiwa, hiki hapa ndicho kilele chenyewe cha Shomari Haitsi," alisema, na macho yake yakaona maandishi. Bahati yangu ni kwamba MC wa mji huu hawezi kuona herufi akanyamaza. Akaisogeza maiki mdomoni akasoma kwa sauti ya harusi: "Fransis Nandonde. Fundi zege. Ghorofa ya kumi na mbili. Novemba, elfu mbili kumi na saba."

Sikuwa nimewahi kusikia jina hilo likisemwa na spika.

"Na huyu ni nani, bwana Shomari?" aliuliza mgeni rasmi, kwa ule udadisi wa mtu anayetaka mambo yaishe akale.

Shomari aliinuka. Nilimtazama usoni nikingoja ashtuke, abadilike rangi, amtafute Gervas kwa macho. Hakushtuka. Alipokea maiki, akafunga kifungo cha koti, akatabasamu.

"Mheshimiwa, huyu ni mmoja wa mafundi wetu," alisema. "Sie kwenye kampuni tunamthamini kila mfanyakazi, mpaka wa chini kabisa. Fransis tulikuwa naye tangu msingi. Kijana hodari na mwaminifu sana."

Watu wakapiga makofi. Nami nikaelewa, na hasira iliyonipanda nilidhani itanipasua kifua. Shomari hakuwa anatubu, wala hakuwa anaficha kitu. Alikuwa hajui. Miaka minane alimwita Fransis mwizi, alimpa polisi, alimpa mtaa mzima, na hakuwahi hata mara moja kuuliza mwizi mwenyewe anaitwa nani.

Nililia hapo hapo. Mpiga tarumbeta mmoja aliniuliza kama nimelipenda sana lile jengo.

Mgeni rasmi akashika nyundo. Alishika mpini karibu kabisa na kichwa, kama mtoto anayeshika kijiko, na hapo tu nilijua kwamba huyu mtu hajawahi kupasua kitu maishani mwake. Nyundo inashikwa mwishoni, uzito wake ndio unaofanya kazi. Akapiga. Nyundo ikaruka nyuma. Zege halikutoa hata vumbi.

Akacheka, watu wakacheka naye kwa adabu. Akapiga ya pili, kwa nguvu, miwani ikateleza puani. Huko juu, siku ile ile asubuhi, vijana walikuwa wamejaribu ukuta kwa teke ukamwagika. Jengo zima lilikuwa linabomolewa kwa kuwa halina nguvu, na mgeni rasmi alikuwa ameletewa kona pekee yenye nguvu.

Ya tatu, kichwa cha nyundo kilichomoka kwenye mpini, kikapita juu ya meza, kikaviringika mpaka kwenye kiatu cha Shomari. Mheshimiwa akabaki na mpini na riboni. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, na sikujali walionigeukia.

MC hakukosa neno. "Kwa heshima na taadhima," alitangaza, "jengo hili limebomolewa rasmi." Matarumbeta yakalia, watu wakaenda kupanga foleni ya pilau.

Msafara ulipoondoka nilikwenda mezani na Gervas. Tulikuwa tumekwisha kulinyanyua, kila mmoja upande wake, Shomari alipotufuata akitafuna kijiti cha meno.

"Mama, vifusi vyote ni mali ya kampuni," alisema.

"Shikamoo," nilimwamkia kwanza, kwa kuwa ni mkubwa kwangu na mama yangu alinilea.

"Marahaba. Rudisha hicho kitu."

"Mimi ni mke wa Fransis. Yule hodari na mwaminifu uliyemtaja sasa hivi. Alifia kwenye tundu lako la lifti Jumapili, ukasema aliiba nondo."

Nilimwona akihesabu miaka. Kijiti kilisimama mdomoni. Akamtazama Gervas, na safari hii Gervas hakutazama viatu.

"Mie ndiye niliyekuwa zamu naye, bosi," alisema Gervas. "Msimamizi alimtuma mbele yangu. Nitasema popote."

"Na maneno yako ninayo humu," nilimwonyesha simu. "Kama unataka kipande chako, kivunje, uchukue vifusi. Nyundo ile pale."

Shomari alikiangalia kichwa cha nyundo kilicholala kwenye nyasi, kisha akaenda zake kuwaaga wageni waliobaki. Tulilipakia lile zege kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, tukaondoka.

Nyumbani tuliliweka mbele ya mlango, jina likitazama barabarani, kwa sababu majirani wote huchota maji kwenye bomba langu na nilitaka kila mwenye ndoo asome. Herieth alitoka, akasoma akiwa amesimama. Akachuchumaa, akafuata herufi za baba yake kwa kidole, moja moja, mpaka mwisho. Nikampa simu. Alimsikiliza Shomari mara nne. Mara ya nne alikuwa analia, na alikuwa amekasirika kama mimi, jambo lililonipa faraja kuliko machozi.

"Alikuwa hata hajui jina la mtu aliyemwita mwizi," alisema.

"Hakumjua. Wewe unamjua."

Aliingia ndani akaleta ile karatasi ya shule na kalamu. Wino mwekundu haufutiki, alijaribu kwa kifutio mpaka karatasi ikataka kutoboka. Basi akaiweka juu ya zege, akapiga mstari kwenye jina langu, na pembeni, palipokuwa na nafasi, akaandika FRANSIS kwa herufi kubwa zile zile za msumari.

Jumatatu mwalimu aliniita akalalamika kwamba karatasi ni chafu, imechanwa kidogo, na ina vumbi la saruji. Nilimuuliza kama jina linasomeka. Akasema linasomeka.