Mucuba Aliyeitwa Ishirini

"Mama Généreuse, ni kweli bwana yako aliuzisha ule Mucuba kwa askari wa serikali?" Papa Bashige, jirani yake wa mtaa wa Mapendo, Goma, alimuuliza hivyo siku moja mbele ya watu.

Généreuse alijua tu kwamba kule Fizi, wakati wa uasi wa Simba, Wacuba walipokuja kusaidia waasi, marehemu bwana yake Constant alificha mupiganaji Mucuba mwenye jeraha. Mugeni alisema, "Mimi Ishirini." Constant akazania wako watu ishirini, akapikisha bugali yao wote, kumbe Wacuba walificha majina yao kwa namba za Kiswahili! Kisha mugeni akapotea. Tangu ulizo la Bashige, Généreuse alishika rozari kwa woga kwamba pengine bwana yake alimuuzisha kweli.

Baada ya volkano kula Goma, muzee mugeni mwenye fimbo aliinama kwenye mulango wa hema yake. Bashige alikuwa ndani, anakunywa chai.

"Mama, mimi Ishirini," akasema kwa Kiswahili cha kuvunjika. "Constant alinivusha ziwa Tanganyika, askari wasinikamate. Nilirudi Cuba, kisha nikaikimbia nayo. Sasa niko Miami, Amerika, na jirani yangu ni rubani Mucuba wa upande wa serikali, aliyetutupia mabomu kule Fizi."

"Munapatana?" Généreuse akauliza.

"Tunacheza domino. Anaiba!"

Généreuse alicheka mpaka machozi. "Asante Maria! Papa Ishirini, leo nipikie watu wangapi?"

Bashige aliweka kikombe chini, akatoka kwa haya.