Sahani ya Saleha

Nyumba ya Bi Mwatumu, kama huijui, ukifika Chumbageni ulizia nyumba ya mwari. Wasichana wa mitaa yote ya jirani wamewekwa ndani pale kabla ya harusi zao, wakasuguliwa liwa, wakafundwa, na zaidi ya yote wakalishwa. Bi Mwatumu hakuwahi kumtoa mwari ila kajaa, shingo ina mikunjo, wakwe wakimtazama hawana la kusema. Mimi nakaa mlango wa pili na ndimi ninayempikia. Sikufichi, naipenda nyumba ile ikiwa na watu: mkeka umejaa wanawake, kahawa inazunguka, mwenye habari ya mume wa mtu anaitoa.

Kipimo chake kilikuwa bangili moja ya fedha. Kila Ijumaa huipandisha kwenye mkono wa mwari, sote tunatazama. Ikikwama chini ya kiwiko tunapiga vigelegele, mwari kaiva. Bangili hiyo ilikuwa ya Saleha, binti yake, aliyefia chumba kilekile cha uani wanamowekwa wari, naye akiwa mwari, zamani sana, bangili ikimpwaya mpaka begani. Bi Mwatumu husema Saleha alikula vizuri hadi siku ya mwisho na bado akayeyuka, kwa sababu jini lilikuwa likila naye sahani moja. Hakuna aliyewahi kumwuliza zaidi.

Basi safari hii mwari akawa Hafsa, mjukuu wake mwenyewe. Mchumba ni Himyar, mtoto wa watu wa Raskazone, wale wenye asili ya Oman. Dada yake, Azza, akaja mapema na gauni kutoka Maskati, kiuno chembamba kama cha dondora. Akalitundika mwenyewe kwenye msumari mbele ya godoro la mwari.

"Limekatwa kwa mwili wa kwenye picha ya uchumba," akasema. "Msije mkaniletea pipa, mashoga zangu."

Tulicheka. Wifi wa harusi lazima awe na maneno. Hafsa naye akacheka. Tukamwekea bakuli la bokoboko lenye samli juu, chini ya lile gauni, akala lote tunamtazama, mpaka akapangusa bakuli kwa kidole.

Ijumaa ile bangili ilipita kiwiko. Iliyofuata ikafika kwapani.

Hapo ndipo tukaanza kulisikia kopo. Ilikuwa adhuhuri, baada ya chakula, nyumba imejilaza, jua limesimama uani hata kuku hawatembei. Zikapita nyayo za kuburuza ukumbini. Kisha huko bafuni kopo la bati likagonga pipa la maji, taratibu, kama mtu asiyetaka kusikika. Bi Mwatumu akanikamata mkono.

"Unamsikia? Saleha huyo. Amemfuata mtoto."

Tangu hapo kukawa na sahani mbili, ya Hafsa na ya Saleha, ya pili ikiwekwa kizingitini pa chumba. Kwa hesabu ya Bi Mwatumu, marehemu akishiba chake atamwachia mtoto. Na sahani ile ilikuwa inaisha. Tukiamka tunaikuta nyeupe, hata punje ya wali haipo. Basi tukaongeza: samaki wa kupaka, mkate wa kumimina, mayai. Na kadiri tulivyoongeza, Hafsa akazidi kukonda. Nywele zikabaki kwenye kitana. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikaota vidonda kwenye vifundo, tukaambizana ni meno ya jini. Shekhe akaandika kombe kwa zafarani, mtoto akalinywa bila kubisha. Wanawake wakaanza kutoa udhuru, mmoja ana mgeni, mwingine ana kichwa. Mkeka ukapungua watu, na mimi mwenyewe nikawa nikiingia ukumbini nasoma dua.

Siku moja niliamka na kiu saa ile ya kopo. Mlango wa bafuni ulikuwa wazi kidogo. Hafsa alikuwa amepiga magoti, vidole viwili viko mdomoni, sahani ya Saleha iko tupu pembeni yake. Akamaliza, akachota maji kwa kopo, akamwaga. Aliponiona hakushtuka.

"Usimwambie bibi, Mama Badru. Nisipokula atalia. Nikinenepa, gauni halipandi. Hivi kila mtu anapata chake."

"Na wewe unapata nini, mwanangu?"

Akanitazama kama nimemwuliza kwa lugha ya ugenini. Kisha akajaribu kusimama, akapepesuka, nikamdaka. Alikuwa mwepesi kama kanga iliyoanikwa.

Nilimbeba hadi kwa Bi Mwatumu, nikamwambia yote, maana niliona tunakoelekea ni kaburi la pili. Bi Mwatumu akatikisa kichwa. Akasema Saleha alikuwa anakula, alimwona kwa macho yake mawili.

"Na mimi unaniona, bibi," Hafsa akasema, sauti imemkauka. "Sahani ya shangazi naila mimi. Kisha naitapika."

Bi Mwatumu akawa akiizungusha ile bangili kidoleni. Aliposema, hakuwa akisema na sisi.

"Kopo lile. Nililisikia na Saleha akiwa hai."

Akainuka, akalitungua gauni, akalikunja bila kulitazama, akaniambia lirudi Raskazone. Mimi na Hafsa tukapanda bajaji kwenda hospitali. Daktari akasema moyo umechoka, tungechelewa tungemkosa, na ale kidogokidogo, na atafutiwe mtu wa kuzungumza naye. Azza alipiga simu akafoka. Himyar alikuja mwenyewe, akasimama barazani, akasema hakuwahi kutaja gauni kwa mtu, na kwamba atasubiri. Kama atasubiri kweli, sijui. Mtaa una maneno yake kuhusu hilo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuyafuata.

Alipotoka hospitali Hafsa aliomba jambo moja.

"Msinitazame nikila."

Kazi ya Bi Mwatumu maisha yake yote ni kutazama wari wakila. Akaufunga mlango wa mbele, wanawake wakarudishwa kwao, mkeka ukakunjwa. Adhuhuri hiyo nilimpikia ubwabwa mwepesi, nusu bakuli. Mimi na Bi Mwatumu tukakaa tumeelekea ukutani, mtoto yuko nyuma yetu. Tukawa tunasikiliza kijiko. Kiligusa bakuli. Kikakaa. Kikagusa tena.

Ndipo nyayo za kuburuza zikapita ukumbini. Bafuni kopo likagonga pipa, taratibu.

Kijiko kikasimama. Shingo yangu ikaanza kugeuka yenyewe, kuhakikisha mtoto yupo. Bi Mwatumu akanishika goti.

"Tumeahidi," akaninong'oneza. Kisha akauambia ukuta, machozi yanamshuka mpaka kidevuni: "Saleha, mama yako nakusikia. Mwache huyu akae."

Maji yakamwagika huko bafuni. Hatukugeuka. Nyuma yetu, karibu kabisa, mtu alivuta pumzi, na kijiko kikagusa bakuli.