Mahali pa Kukalisha Boga

Asnath aliona kikonyo kwanza. Boga lenyewe lilikuwa bado changa, ukubwa wa ngumi, na kila aliyepita alisifu linavyong'aa. Yeye aliona kikonyo chake kilivyobanana na shina, kama kiwiko cha mtu aliyejikunja kwa baridi. Likinenepa, litalisukuma shina, na shina halina pa kwenda. Mwaka jana alishuhudia boga la namna hiyo likijing'oa lenyewe kabla halijafika ukubwa wa sufuria.

Mmea ulikuwa mmoja tu, katika zizi la zamani nyuma ya nyumba yao, pale Kinampanda. Samadi ya miaka mingi ilikuwa imelala hapo, na mama yao alipalima mboga mpaka alipofariki. Sasa kaka yake, Chediel, alipataka kwa alizeti. Kabla ya mvua alikuja na ng'ombe wa kulimia, akamkuta Asnath ameshafukia mbegu na kuzungushia miiba. Akacheka mbele ya majirani.

"Haya, bibi shamba! Ukitoa boga litakalonishinda kubeba peke yangu, hapa ni pako. Nikilibeba, msimu ujao naweka alizeti."

Asnath hakujibu. Tangu alipotoka shule akiwa darasa la tano, alikuwa amezoea kuangalia chini watu wakizungumza. Wote wakahesabu kimya chake kuwa ndiyo.

Mvua za Januari zilipokolea, shina lilikuwa limetambaa hatua kumi na mbili na kushika maboga matatu. Alijua libaki moja tu, ili chakula chote kiende kwake. Alikuwa amechuchumaa hapo tangu asubuhi, wakati shangazi yao, Febronia, alipofika kuchuma msusa, majani ya maboga ya kupika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeatamia hivyo? Unataka kutotoa?"

"Nachagua litakalobaki."

"Kuna kuchagua hapo? Acha hili la kwanza. Liko karibu na mzizi, linakula kabla ya wenzake. Tena la kwanza ni la nyumba nzima. Halikatwi mpaka likomae."

Asnath alikunja ngumi, akalionyesha kwa ngumi lile la pili, hatua nane kutoka kwenye mzizi. Boga changa halinyooshewi kidole, litaoza. Hilo kila mtoto wa pale alilijua kabla ya kujua kusoma.

"Hili, shangazi. Kikonyo chake kimetoka pembeni, kimenyooka kama mkono wa mtu anayesimamisha gari. Lina nafasi."

"Mbali kote huko? Chakula kitafika kimechoka!"

Chediel alikuwa amesimama nje ya miiba, mswaki mdomoni. "Darasa la tano hilo linaongea, shangazi. Lisikilize."

Shingo ya Asnath ikapata moto. Alichukua kisu, akaenda kwenye lile boga la kwanza, lenye kikonyo kilichobanana, akalikata. Shangazi akajishika kichwa.

"Umekata la nyumba! Asnath, umekata la nyumba!"

"Mwache," Chediel alisema. Kisha akanyoosha kidole, chote, mpaka mwisho. "Kwa hiyo boga lako ndilo lile?"

"Chediel! Kunja kidole!"

"Si anajua kuliko sisi? Tuone."

Asnath alitazama kile kidole.  Aliinua mkono, akanyoosha cha kwake pia, karibu kabisa, mpaka kikagusa vinyweleo vya lile boga.

"Ndilo hili," akasema.

Akaenda kukata na la tatu. Shangazi alilipokea lile la tatu kwa mboga ya jioni. La kwanza alikataa hata kulishika.

Siku zilizofuata Asnath alikuwa na hofu. Kila kukipambazuka aliinama kutazama tako la boga, kama lina doa laini. Alifukia vifundo vya shina kwa samadi ili vitoe mizizi, ila vile vya karibu na boga aliviacha wazi, shina lipate kuinuka boga linapopanda. Chini yake alitandika mchanga mkavu. Doa halikutokea. Mwezi wa tatu lilikuwa limejaa ungo. Mwezi wa tano shina lilikuwa limepanda juu ya mgongo wake bila kupasuka, na kikonyo kimekuwa kinene kama mpini wa jembe.

Siku ya kuvuna, Chediel alikunja mikono ya shati majirani wakitazama. Alilikumbatia, akajikaza. Boga likatikisika.

"Liamkie kwanza!" shangazi akapaza sauti. "Huenda ni mkubwa wako!"

Alijaribu kwa magoti, kisha kwa kamba begani. Mara ya nne alikaa chini, jasho likimtiririka, akacheka kidogo.

"Basi. Mimi ni mtu wa neno langu. Nimekupa hapa, mdogo wangu. Lishukuru boga lako."

Watu wakapiga makofi. Asnath hakuangalia chini. Alijipangusa udongo mikononi, akamtazama kaka yake usoni.

"Siku ile ya sharti lako sikukubali, kaka. Nilinyamaza tu. Hata lingeoza, nisingetoka hapa."