Wimbo Niliompa Yahya

Sindano iligusa santuri, gitaa likalia, na kabla ubeti wa kwanza haujafika katikati Binti Huseni alishajifunika kanga uso mzima. Akasimama. Wanawake wa Somanga wakasimama naye, mmoja mmoja, wakaondoka uwanjani. Wanaume walibaki wakitazamana. Yahya, mkwe wa Binti Huseni na mwenye sauti ile kwenye santuri, alikuwa bado anatabasamu. Aliyeweka sindano nilikuwa mimi.

Ilikuwa Saba Saba ya mwaka 1969. Nilikuwa nauza katika duka la mjomba Abdulatifu, kando ya barabara ya Dar, na watu walinijua kwa santuri. Masika Rufiji ilifunga njia, hata kiberiti tulikosa. Maji yakipungua, basi la kwanza lilileta santuri mpya za miezi minne kwa mpigo. Nilizisikiliza zote, kisha wateja wakaja kuniuliza. Huyu nilimpa taarabu ya Tanga, maana mkewe kanuna. Yule nikampa rumba ya Kongo, maneno haelewi lakini miguu yake inaelewa. Mwalimu Benedikto nilimwekea kwaya. “Hii iache,” nilikuwa nasema, “tarumbeta zinalia kama mbuzi wa kuchinjwa.” Nikisema chukua, walichukua. Nikisema acha, santuri ilikaa rafuni mpaka ikapinda kwa joto.

Mwaka uliotangulia, ndani ya mzigo kama huo, nilikuta wimbo wa mama yangu.

Mama, jina lake Kijakazi, aliutunga kumlilia marehemu baba, akawa anauimba akibangua korosho. Yahya alikuwa mpiga gitaa wa Dar. Kila akija ukweni alikaa barazani kwetu na kumwambia, “Mama, hebu rudia pale.” Mama alirudia, masikini, akidhani anafarijiwa. Kwenye karatasi ya santuri paliandikwa jina moja tu, la Yahya. Kilio cha mjane kilikuwa kimegeuzwa cha bwana aliyeachwa na kimada, na vijana walikichezea twisti.

Nilimpigia mama ile santuri mara moja. Aliweka chini jiwe la kubangulia.

“Kumbe ndivyo alivyokuwa ananisikiliza,” alisema.

Hakuuimba tena. Mimi nilimchukia Yahya chuki ya kulala nayo na kuamka nayo.

Aliporudi hakuwa na haya hata chembe. Alikuja dukani na pakiti ya sukari ya zawadi.

“Dada Ziada, masikio yako ndiyo soko la huku. Nipe wimbo wa zamani, ambao Dar hawajapata kuusikia.”

“Hata ambao mwanamume hajapata kuusikia?”

“Huo huo!”

Basi nikampa. Niliuimba taratibu, kaunta ikiwa katikati yetu, naye akiandika. Ulikuwa wimbo ambao kungwi humwimbia mwali alfajiri ya kutolewa ndani. Maneno yake hayana tusi, ni mwiko tu: kila mwanamke wa kwetu huapishwa asiutoe nje, na mwanamume hausikii hata kwa mbali. Yahya hakuuliza unaimbwa wapi, wala na nani. Aliona mzuri, akauchukua, kama alivyozoea.

Nilijua utakakomfikisha. Nilingoja mwaka mzima, na santuri ilipofika sikuwauzia watu. Niliificha hadi Saba Saba, mgeni mwenyewe akiwa amekaa mbele pamoja na wakwe zake, ndipo nikatangaza, “Na hii ndiyo mpya kuliko zote. Sikilizeni wote!”

Kabla ya adhuhuri Yahya alikuwa ametupiwa gitaa lake nje, akaambiwa asikanyage tena ukweni. Nilicheka peke yangu nyuma ya magunia ya chumvi. Nilicheka hadi nikasikia kilio cha Mboni.

Mboni ndiye mke wa Yahya. Sikuwa nimemfikiria. Nani mwingine angemwambia mume siri ya ndani, kama si mkewe? Binti Huseni alikuwa amemtoa binti yake uani mbele ya wanawake wote, na walikuwa wanamtemea mate.

Nilipofika mlangoni kwa Binti Huseni, mama alikuwa amenitangulia. Mama ndiye aliyekuwa kungwi wa Somanga kwa miaka ishirini. Alinitazama mara moja, akajua. Kisha akawageukia wenzake.

“Mwacheni mtoto. Wimbo nimeutoa mimi.”

Nilifungua mdomo. Akanikata jicho, nikaufunga.

Wakamvua ukungwi palepale, wanawake ambao yeye mwenyewe aliwacheza unyago. Tulirudi pamoja hadi karibu na nyumbani.

“Yeye alichukua changu, Ziada,” akasema. “Wewe umechukua cha wote.”

Santuri za Yahya hazikununuliwa hata moja. Niliziweka dirishani, jua likazipinda, nami nilizitazama kila siku kwa raha. Sitasema uongo: raha hiyo ninayo hata leo.

Mwaka uliofuata mabinti wa kuchezwa waliletewa kungwi kutoka Kikole. Alfajiri ya kutolewa, vigelegele vilisikika hadi kwetu. Mama alikuwa ameshaamka, amekaa na korosho zake. Alinyanyua jiwe, akalishika hewani mpaka vigelegele vilipokwisha, ndipo akaanza kubangua.