Majina Kwenye Mikoba

Nafula alikuwa na siku mbili hajalala vizuri, na sababu alikuwa nayo mwenyewe. Jumanne mchana mwanamke asiyejulikana alifika kwenye lango la chekechea yake, hapo mtaani Donholm, akasema ametumwa na Mama Keynan amchukue mtoto. Bahati tu, mwalimu mmoja alitoa simu ampigie mama mwenyewe, na mgeni kuona hivyo akaondoka haraka.

Nafula aliwakataza walimu wasimwambie mtu. Wazazi wakijua, alijiambia, atabaki na madawati matupu.

Alhamisi mchana aliona watoto wa Lydiah wakitoka ng'ambo ya barabara. Huyo Lydiah ndiye aliyefungua chekechea pale mwaka juzi akamnyang'anya wanafunzi kumi na mmoja, na tangu hapo walisalimiana kwa shingo upande. Kila mtoto alibeba mkoba wenye jina lake kwa herufi kubwa, sawa na wa Keynan. Ndipo Nafula akaelewa. Mwanamke yule hakutumwa na mtu, alisoma tu jina kwenye mkoba. Akavuka barabara kabla kiburi hakijamrudisha.

Lydiah alimpokea kwa uso mkavu, akidhani amefuata ugomvi. Nafula akamweleza yote, hata ile aibu ya kunyamaza. Lydiah akainama.

"Alikuja hapa pia, mwalimu," akasema. "Wiki mbili zimepita. Bodaboda nyekundu ilimngoja pale kona. Na mimi nilinyamaza."

Hasira ilimpanda Nafula. Wiki mbili nzima! Kisha akawakumbuka walimu wake aliowafunga midomo, na hasira ikakosa pa kukaa.

"Tumpigie Kavata," akasema.

Kavata alikuwa na chekechea karibu na soko. Alisikiliza habari ya mikoba kwa adabu, kama mtu mwenye kazi nyingine mkononi. Waliposema bodaboda nyekundu, wakasikia hatua zake zikienda dirishani.

"Iko hapa nje," akasema polepole. "Kuna mama amekuja kumchukua Mbeti. Mwalimu anamvalisha viatu."

"Usimtoe," Nafula akasema. "Funga lango."

Simu haikukatwa. Walisikia mnyororo ukipita kwenye vyuma vya lango, watu wazima wakibishana, halafu, karibu kabisa na simu, sauti ya mtoto ikilalamika kwamba amevaa kiatu kimoja tu. Lydiah alimshika Nafula mkono, na hakuna aliyeuondoa.