Mkono wa Salumu Kwenye Volyumu

Munira aliacha kumwamini Salumu pale alipouona mkono wake. Kila muuza duka huyo alipohamisha spika kutoka amplifaya yao ya zamani kwenda mpya aliyotaka kuwauzia, vidole vyake vilipita kwenye volyumu, haraka, kama mtu anayefukuza nzi, na sauti ikapanda.

"Umesikia hiyo besi, shem?" Salumu aliuliza. "Ile yenu imeshachoka."

Khalfani, mumewe Munira, alikuwa amefumba macho kwa utamu. "Si nilikwambia mie? Mbingu na ardhi!"

Hapo ndipo Munira alipozidi kuingia shaka. Yeye na mumewe hukodisha muziki wa harusi huko Temeke, na ile amplifaya ya zamani iliundwa na marehemu kaka yake, Nassibu. Siku hizi Khalfani alikuwa akiisema vibaya asubuhi na jioni, na hakuwa akibanduka dukani kwa Salumu, rafiki yake wa utotoni. Wana lao jambo hawa, aliwaza.

"Tujaribu tena," alisema. "Ila sauti ziwe sawa, na asiwepo anayeona ipi inapiga."

"Shem, unanishuku?"

"Nataka kusikia tu."

Akamwita Jenipher, msusi wa jirani, ambaye hakuwa na lake pale. Wakatundika khanga mbele ya amplifaya. Munira akaiweka simu yake, yenye programu ya kupimia kelele, karibu na spika, akazungusha volyumu kwa mkono wake mwenyewe mpaka zote mbili zikasoma namba moja. Jenipher akaingia nyuma ya khanga na swichi ya kuhamishia spika. Mara aihamishe, mara aiache palepale, huku akiweka alama kwa chaki sakafuni.

Wimbo wa kwanza Salumu alijibu upesi. Uliofuata akasita, kisha akaanza kukuna kichwa. Alama ziliposomwa, ilionekana alikuwa akibahatisha tu. Munira naye aliyejiona ana hakika, zaidi ya mara moja aliita mpya "ya Nassibu."

"Umekosea kuandika, Jeni," alisema.

"Mie? Basi kaa wewe huku nyuma."

Akakaa. Kwa upenyo wa khanga alimtazama mumewe. Jasho lilimtoka Khalfani, uso kaukunja, midomo ikihesabu ngoma. Munira akaiacha amplifaya ya kaka yake ipige.

"Hii mpya!" Khalfani aliruka kwa furaha. "Mpya, wallahi!"

Mtu anayeigiza hawezi kufurahi vile. Munira aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni.

"Volyumu mie sikuigusa makusudi," Salumu alijitetea. Munira hakumsadiki.

Walirudi kwa bajaji, amplifaya ya Nassibu katikati yao. Khalfani alimgeukia mkewe.

"Ulidhani nimekula njama?"

"Nilidhani."

"Ungeniuliza, Munira."

"Ningekuuliza," alikiri, "na jibu lako nisingeliamini."

Khalfani akageuza uso nje, akatazama barabara.